Nguzo Mama, Kinjeketile au Mashetani: msimu wa idara uanze na ipi?

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapokaribia, idara za sanaa za maonyesho hukaa kikao kimoja kigumu. Mezani zipo tamthilia nne au tano. Wanafunzi wa uigizaji wanataka maneno, wanafunzi wa ngoma wanataka nafasi, na fedha zilizopo hazitoshi onyesho moja na nusu. Nimekaa katika vikao hivyo, kwanza nikiwa mwanafunzi msimamizi wa jukwaa, baadaye nikiwa mwongozaji mwalikwa, na karibu kila mara nimeona tamthilia ikichaguliwa kwa jina lake: ile iliyosomwa sekondari, ile ambayo watu wataijua wakiiona kwenye bango. Ngoma hutafutiwa mahali baadaye.

Niliwahi kusimamia onyesho ambalo wacheza ngoma kumi na wawili walikaa nyuma ya pazia karibu saa nzima. Walitolewa mara tatu, dakika nne nne, wakati wenzao wanabadili maleba. Walicheza vizuri sana, ukumbi ukajaa vigelegele. Usiku ule tukikunja kaniki, kijana mmoja akaniuliza: "Dada, hivi sisi tulikuwa akina nani kwenye mchezo?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hawakuwa watu wowote. Ungewaondoa wote kumi na wawili na hadithi isingepungukiwa na kitu.

Tangu siku ile swali la kijana yule ndilo kipimo changu. Nikishika tamthilia yoyote kwa ajili ya idara inayofundisha uigizaji na ngoma chini ya paa moja, nauliza kwanza: humu ndani, wacheza ngoma ni akina nani? Hapa nimepima hivyo tamthilia sita za Kiswahili ambazo vyuo vyetu vinazifahamu. Nne zimeandikwa na watu wawili waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ebrahim Hussein na Penina Muhando Mlama, waandishi waliokuwa na darasa mkono mmoja na jukwaa mkono wa pili, na hilo linaonekana kwenye kazi zao.

Kinjeketile na Nguzo Mama

Naanza na hizi mbili pamoja kwa sababu ndizo zinazogombea nafasi ya onyesho kubwa la mwaka, lile linaloajiri idara nzima.

Kinjeketile ya Hussein ilitoka 1969. Inasimulia mwanzo wa Vita vya Majimaji, vile vya 1905 hadi 1907, na mtu wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na neno la kuwaunganisha. Hussein mwenyewe ameonya kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, ni mtu aliyebuniwa na mwandishi. Onyo hilo ni zawadi kwa mwongozaji. Hulazimiki kujenga makumbusho ya 1905. Unajenga mtu na umati wake.

Umati ndio mahali pa ngoma. Mwanzoni watu wa kusini hawaaminiani. Kila kabila linamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, kila mmoja ana njaa yake na mashamba ya pamba ya Mjerumani yanamla mgongo. Wacheza ngoma wakipewa hali hii, wana kazi ya kweli: kila kundi liingie na mdundo wake, midundo igongane hadi masikio ya hadhira yachoke, na baada ya maji kutolewa isikike ngoma moja tu. Hapo hakuna atakayeuliza wao ni akina nani. Wao ndio nchi inayojikusanya. Kuna pia pale Kinjeketile anapopandwa na pepo na kwenda mtoni. Mchezaji aliyefunzwa mwili hufanya pale kitu ambacho muigizaji wa maneno hawezi kukifanya kwa kupiga kelele.

Ila chagueni ngoma kwa akili. Sindimba ya Wamakonde huingizwa kila onyesho kwa kuwa kila mwanafunzi ameicheza tangu shule ya msingi. Hiyo si sababu. Lizombe la Wangoni lina haki ya kuwemo, lakini Wangoni waliingia vitani baadaye, neno lilipokwisha kusafiri kutoka Umatumbini, vita vilikoanzia. Likisikika katika onyesho la kwanza, mtu wa Songea aliyekaa mstari wa mbele atajua hamkusoma.

Sasa udhaifu. Kinjeketile inataka watu wasiopungua ishirini, na wapiga ngoma wanaoweza kuhudhuria mazoezi yote, si wiki ya mwisho. Na baada ya kishindo chote hicho, mchezo unafungwa na mazungumzo ya gerezani. Kitunda anamtaka mwenzake atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, kwa sababu akitamka hivyo si maji tu yatakayokufa. Pale hakuna ngoma ya kukuokoa. Panahitajika muigizaji mmoja anayeweza kubeba shaka, mtu ambaye neno alilolizaa mwenyewe limekuwa kubwa kuliko yeye. Nimeona vijana wa mwaka wa pili wakiipigia kelele nafasi hii kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba Kinjeketile ni kiongozi wa maandamano. Kama hamna huyo muigizaji mwaka huu, subirini. Tamthilia haitaoza.

Nguzo Mama ya Mlama ilichapishwa 1982. Katika kijiji cha Patata wanawake wanatakiwa kuisimamisha nguzo, Nguzo Mama yenyewe. Wanaitwa Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne, na kuendelea hadi Bi Nane. Bi Msimulizi anatuongoza. Kila mwanamke anafika na shida yake ya nyumbani, na kila shida inamvuta aiache kazi. Nguzo haisimami.

Ukiisoma kitandani utadhani ni mchezo wa hoja, wanawake wakibishana juu ya hali yao. Iweke jukwaani ndipo utagundua kwamba ni mchezo wa migongo. Kila jaribio la kuinua ni ngoma ya kazi: mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, miguu inatafuta ardhi, pumzi zinakutana, halafu mmoja anachomoka na uzito wote unawaangukia waliobaki. Majaribio hayo hayapaswi kufanana. La kwanza liwe la nguvu bila mpangilio, jingine la kamba, jingine liwe na mdundo mzuri kiasi kwamba hadhira iamini, kwa nukta chache, kwamba sasa linawezekana. Kushindwa kwa jaribio hilo ndiko kunakoumiza. Kwa mwalimu wa ngoma hii ni mitihani mitatu ya utungaji ndani ya onyesho moja, na waigizaji wanabeba mtihani huo huo kwa sababu huwezi kumtenga Bi Tano anayesema na Bi Tano anayevuta.

Jambo moja la ufundi nalisisitiza kwa moyo wote: nguzo iwe na uzito. Tuliwahi kutengeneza ya mbao nyembamba, tupu ndani, ikapakwa rangi ikapendeza. Ilipofika jukwaani, miili yote ilisema uongo. Watu wanane wanajifanya wanaelemewa na kitu ambacho mtoto angekibeba. Hadhira iliona kabla ya kujua kwamba imeona. Mwaka uliofuata tukatumia gogo la msufi. Msufi ni mwepesi kuliko unavyoonekana, hakuna atakayevunjika mguu, lakini una uzito wa kutosha kulazimisha goti likunjwe na pumzi ipangwe. Mazoezi ya wiki mbili na gogo lile yalifundisha kuigiza kwa pamoja kuliko muhula mzima wa darasani.

Basi ukizilinganisha: Kinjeketile inahitaji nyota mmoja na umati, Nguzo Mama haimhitaji nyota. Kinjeketile inafunguliwa na wanawake wakizungumzia shida ya chakula, lakini uzito wake mkubwa unabebwa na wanaume. Idara yenye wasichana wengi itaishia kuwavisha nusu yao nguo za askari. Nguzo Mama inawapa wasichana mchezo mzima. Maleba ya Kinjeketile ni kaniki, silaha, sare za Kijerumani, na sare hizo ndizo zinazomaliza fedha. Nguzo Mama ni khanga, gogo na kamba. Kwa jina, Kinjeketile inajaza ukumbi haraka zaidi, maana vizazi vya wanafunzi vimeisoma. Hilo halikanushiki. Lakini nikiulizwa idara ianze msimu na ipi, nasema Nguzo Mama bila kusita, na si kwa sababu ya fedha. Kundi lililopita kwenye gogo lile linajua kupumua pamoja. Likipewa Kinjeketile mwaka unaofuata, umati wake utakuwa umati kweli.

Mashetani

Hii ni ya Hussein tena, 1971, na ni kiumbe cha namna nyingine kabisa. Inafunguliwa chini ya mbuyu, Shetani na Binadamu wakipimana nguvu, kisha tunagundua kwamba ni mchezo unaochezwa na vijana wawili, Juma na Kitaru. Juma ametoka katika ukoo uliokuwa na mali na kuipoteza baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Kitaru ni wa familia iliyopanda hivi karibuni. Mchezo ule wa utani unamng'ang'ania Kitaru hadi anaugua.

Kwa haraka mtu atasema tamthilia hii haina ngoma, iachwe kwa wanafunzi wa uigizaji peke yao. Wengine hukosea upande wa pili, wanajaza jukwaa mashetani kumi waliopakwa masizi wanaorukaruka. Naomba sana hilo lisifanyike. Shetani wa Hussein ni mmoja na anazungumza kwa adabu, ndiyo maana anatisha. Akizungukwa na kundi la wanaorukaruka anageuka kinyago cha sherehe.

Njia yangu ni tofauti: wapeni wacheza ngoma nafasi za Juma na Kitaru. Katika onyesho lile la kwanza kila kitu kinategemea nani yuko juu ya nani, nani anageuka kwanza, nani anaigiza kushindwa na nani ameshindwa kweli. Mtu aliyezoea kusoma mwili wa mwenzake anapokezana naye bila kutazama. Baadaye, Kitaru anapoumwa, mchezaji yule yule arudie mjongeo mmoja wa onyesho la kwanza, peke yake, nyumbani kwao, bila kujua anafanya nini. Niliona hivyo mara moja katika mazoezi ya darasani, bila taa wala maleba, na mpaka leo nikisoma ukurasa ule mkono wangu unasisimka.

Inatosha chumba kidogo. Inatosha watu wachache. Ila mjue mnaiweka mbele ya nani: hadhira ya Unguja inasikia maombolezo ya bibi yake Juma kwa sikio lisilofanana na la hadhira ya Dodoma au Mwanza, na mwongozaji asiyeijua tofauti hiyo atashangaa kwa nini watu wanacheka pasipochekesha au wanakaa kimya wakati yeye alitegemea kicheko. Tengeni jioni moja ya mazoezi kuzungumza na wanafunzi juu ya 1964, na ikiwezekana awepo mzee wa visiwani. Ni tamthilia ya muhula wa pili, wakati kundi limeshajuana.

Lina Ubani, kwa wanaosafiri

Jina lake limegeuza methali. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Mlama, mwaka 1984, akajibu kwamba lina. Tanzania ilikuwa imetoka vitani Kagera, 1978 hadi 1979, maduka yakiwa matupu na watu wakitafuta harufu inatoka wapi. Kuna bibi, kuna hadithi ya zimwi, kuna nyimbo, na masimulizi ya jioni yanakutana na siasa ya mchana bila mshono kuonekana.

Wacheza ngoma hapa ni waitikiaji wa hadithi. Ni kazi halali, ingawa ni ndogo kuliko ya Nguzo Mama. Nguvu ya Lina Ubani iko kwingine: haihitaji ukumbi. Uwanja wa shule, kivuli cha mwembe, chetezo chenye ubani wa kweli, na "Paukwa!" ya kwanza inawafanya watazamaji kuwa sehemu ya mchezo kabla hawajajua. Idara inayotaka kutoka nje ya kuta za chuo ichague hii. Wala si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mlama na Amandina Lihamba, mwalimu mwenzake wa chuo kikuu, walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, wakafanya kazi ya sanaa na wanakijiji juu ya matatizo yao wenyewe, kwa ngoma na maigizo ya pale pale. Na 1996 mradi wa Tuseme ukawapeleka wasichana wa sekondari jukwaani kusema yanayowasumbua. Msimu wa idara usiokuwa na onyesho hata moja la kusafiri unaisahau nusu bora ya urithi huo.

Ngoma ya Ng'wanamalundi

Emmanuel Mbogo, 1988. Swali la kijana wangu lina jibu kwenye jalada. Ng'wanamalundi alikuwa mtu wa kweli Usukumani, mcheza ngoma na mganga aliyefariki miaka ya 1930, na sifa zake zimevuka wakati wake. Usukumani ngoma ni mashindano: Bagika upande mmoja, Bagalu upande wa pili, kila kundi na dawa zake na vituko vyake, na mshindi ni yule anayewavuta watu wengi waje upande wake. Anayetaka kuona uhai wa jambo hili aende Bujora, karibu na Mwanza, mwezi Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, aone bugobogobo, ngoma ya majembe, yakirushwa na kudakwa.

Kwa jukwaa hiyo ni hazina. Gaweni ukumbi mara mbili, watazamaji wakae pande zinazotazamana, na waruhusiwe kuhama. Lakini hapa nina sharti ambalo silegezi: fundi wa ngoma atoke Usukumani na akae na wanafunzi wiki mbili angalau, alipwe, alale mahali pazuri. Idara nyingi hujifunzia ngoma hii kwenye video za simu. Matokeo yake ni mikono sahihi na miguu isiyojua kwa nini inakanyaga. Gharama ya nauli, malazi na ujira wa fundi ijumlishwe kwenye bajeti kabla ya mapambo, kabla ya taa, kabla ya kila kitu. Haiwezekani? Basi chagueni nyingine, na iacheni hii kwa chuo chenye wenyeji wake, au kwa mwaka ambao kuna mwanafunzi aliyekulia humo.

Juliasi Kaizari

Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hii ya Shakespeare, ikatoka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya 1969. Kiswahili chake kinataka ulimi uliofunzwa, na kwa mwalimu wa sauti hakuna kipimo bora. Kwa wacheza ngoma haina kitu. Umati wa Roma unaweza kutembea vizuri, basi. Wanawake ni wawili tu, Portia na Calpurnia. Mkiichagua, chagueni mkijua kwamba ni onyesho la waigizaji, na muwaache wacheza ngoma watayarishe jioni yao wenyewe ya utunzi wao. Hilo ni heshima kubwa kwao kuliko kuwachomeka kwenye karamu ya Kirumi.

Mpangilio ninaoupendekeza

Kwa idara yenye nafasi mbili za maonyesho kwa mwaka: Nguzo Mama muhula wa kwanza, Mashetani wa pili. Ikiwepo ya tatu, Lina Ubani isafiri wakati wa likizo. Kinjeketile iwekwe mwaka unaofuata, kwa kundi lile lile, na mtafutwe mapema huyo kijana wa kuibeba shaka ya gerezani. Kama mnao wapiga ngoma hodari na muigizaji tayari, geuzeni mpangilio, sitagombana nanyi. Ng'wanamalundi inategemea fundi, nimeshasema.

Angalieni pia mvua. Muhula wa pili wa vyuo vya pwani unakutana na masika, Machi hadi Mei, na ngozi ya ngoma haijali ratiba ya mtu. Hewa ikijaa unyevu ngoma inalegea, na kuipasha motoni ndani ya ukumbi wenye mapazia ni hatari. Tuliwahi kujenga kibanda cha moto nje ya mlango wa nyuma, kijana mmoja akawa na kazi hiyo tu, anaingiza ngoma iliyokazwa na kutoa iliyolegea kati ya onyesho na onyesho. Ndiyo sababu nyingine ya kuiweka Mashetani katika miezi hiyo.

Kibali kiombwe kabla ya bango kuchapwa. Tamthilia hizi zina wenyewe, na tafsiri ya Nyerere nayo ina haki zake hata kama Shakespeare hana tena wa kumdai. Mwandikieni mchapishaji, pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na mwandishi akiwa hai mumwalike. Watu hawa wametupa jukwaa. Kuketi mstari wa mbele bila kulipa kiingilio ni kitu kidogo mno.

Na siku ya usaili msianze na kusoma karatasi. Liwekeni gogo katikati ya chumba, wapiga ngoma wawili wakae pembeni, na muwaite wanafunzi wote, wa uigizaji na wa ngoma, waingie wanane wanane walinyanyue. Msiwaambie nani aongoze. Kaeni kimya muangalie nani anaanza kuimba.